Ahadi ya Miaka Sita

Kila mwaka, shule zinapokaribia kufunguliwa mwezi wa Septemba, baraza letu la uongozi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hukutana kuizungumzia karatasi moja tu. Ni orodha ya wasichana waliomaliza la sita, ambao mama zao wamekuja kuomba tuwasindikize hadi sekondari. Kuyasoma majina si kazi. Kazi ni kuamua, kwa sababu jina moja tukilitia alama tumejifunga kwa miaka sita: la saba na la nane, kisha miaka minne ya umanite, yaani sekondari ya juu, mpaka mtihani wa Taifa. Na sisi tunaoamua tunachaguliwa kwa miaka mitatu. Wafadhili nao hutia sahihi mkataba wa mwaka mmoja. Ahadi ni ndefu kuliko muda wa wanaoitoa, na ni kubwa kuliko pesa iliyopo mezani.

Nataka kusimulia jinsi tulivyojifunza kuibeba ahadi hiyo. Katika mji huu nimeona mashirika mengi ya kuwasomesha wanawake yakianza kwa moyo mkubwa kisha yakawaacha watoto njiani, na siamini kwamba ni moyo uliopungua.

Mimi ni mwalimu. Nilifundisha shule ya msingi huko Kadutu hadi nilipostaafu, na hata leo sokoni au kanisani watu huniita Mwalimu kabla ya kukumbuka jina langu. Shirika letu ni ASBL, yaani shirika lisilo la faida, ndogo, iliyozaliwa sebuleni kwa mama mmoja wa Panzi. Tunalipia wasichana masomo ya sekondari, na alasiri tunafungua kituo ambapo akina mama wanajifunza kusoma, kuandika na kupiga hesabu.

Mwaka 2019 majirani walitupongeza wakidhani kazi imekwisha. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, ilikuwa imeshasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za serikali, lakini ilibidi kungoja mpaka Septemba ya mwaka ule ndipo agizo hilo lianze kutekelezwa nchi nzima. Nilifurahi mno. Watoto waliokuwa wakichungulia kutoka nje ya ua la shule waliingia darasani, hata kama wengi waliketi chini kwa kukosa madawati. Ila uzito haukutoweka, ulihamia juu. Sekondari bado inalipwa: minervali, yaani karo, pesa ya mitihani, mchango wa kuwapa walimu motisha, sare ya bluu na nyeupe, madaftari. Familia ikishafika hapo na ina watoto watano, msichana ndiye anayesimama. Hakuna anayemfukuza. Likizo inaisha na yeye haonekani; ukiuliza unaambiwa yuko kwa shangazi yake huko Nguba analea mtoto, au amemfuata mama yake sokoni Kadutu kubeba mizigo mgongoni kwa ile kamba inayopita kwenye paji la uso. Nimewaona wanafunzi wangu wa zamani chini ya mizigo hiyo. Wananisalimu bila kuinua kichwa, kwa sababu kamba hairuhusu.

Sasa nije kwenye baraza lenyewe. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, ile inayosimamia mashirika yasiyo ya faida nchini Kongo, inataka shirika liwe na mkutano mkuu na baraza la uongozi. Mahali pengi vyombo hivyo vipo kwenye karatasi tu ili hati zipatikane Kinshasa: jina la mume, la shemeji, la rafiki wa kwaya, watu ambao hawajawahi kuketi pamoja kujadili hata shilingi. Mama aliyeanzisha shirika letu hakutaka hivyo. Yeye ndiye aliyekuwa prezida wa kwanza, na jambo lake la kwanza lilikuwa kuwaingiza katika baraza akina mama wawili waliojifunza kusoma katika kituo chetu wenyewe. Mmoja anauza sambaza, samaki wadogo, huko Muhanzi, pale boti za ziwani zinapopakua. Mwingine analima huko Kabare na kushuka mjini na mboga zake.

Mwanzoni hawakusema lolote. Mikutano yetu ilikuwa ya Kifaransa, kama mikutano yote ya watu waliosoma katika mji huu, nao waliketi wakiwa wameshika kalamu zao mpya na kutikisa kichwa. Prezida aliliona. Akaamua majadiliano yawe kwa Kiswahili. Katibu ataandika kumbukumbu kwa Kifaransa baadaye kwa ajili ya ofisi za serikali na wafadhili, na kabla ya kutiwa sahihi azisome tena kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Mhasibu wetu, baba mmoja makini sana katika kazi yake, alilalamika kwamba tunapoteza muda. Ni kweli mikutano ilirefuka. Lakini ndipo mama wa sambaza alipoinua mkono siku moja tukipitisha bajeti.

“Munisamehe, mama prezida,” alisema. “Hii franga munasema ni ya mwaka huu. Ikiisha, mutoto wangu atakuwa amefika la ngapi?”

Mhasibu akaangalia karatasi zake. “Atakuwa amemaliza la saba, mama.”

“Basi munamuvusha mpaka katikati ya ziwa.”

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehesabu samaki wake mbele ya mnunuzi. Sisi wenye diploma tulikuwa tumeipitisha bajeti ya namna ile mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyeuliza swali hilo kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa na mtoto katika orodha ile. Kwangu hilo ndilo somo kubwa kuliko yote niliyoyapata katika shirika: anayeishi na matokeo ya uamuzi awe mezani unapofanywa, na awe na lugha ya kuuliza.

Kutokana na swali lake lilitoka pendekezo ambalo lilitugawanya kwa miezi. Kwamba asipokelewe msichana mpya hata mmoja mpaka wale walio ndani wawe na pesa ya mwaka unaofuata, imewekwa kando, na isiguswe kwa shughuli nyingine bila idhini ya mkutano mkuu. Ukilisema haraka linaonekana jambo la busara tupu. Lakini maana yake ilikuwa kwamba mwaka ule orodha itapungua sana, na kwamba yatima ambao majina yao tulikuwa nayo mkononi wataambiwa hapana. Mchungaji mmoja aliyekuwa nasi katika baraza aliumia kweli. Alisema Mungu hatatuuliza kuhusu akiba ya benki, atatuuliza kuhusu mtoto aliyebisha hodi. Nilimheshimu sana kwa maneno hayo na bado namheshimu. Akamgeukia yule mama wa Kabare, labda akitarajia huruma ya mama, akamuuliza: “Mama, Jumapili nikisimama mbele ya wazazi hawa, niwaambie nini?”

“Uwaambie kweli, mchungaji. Ahadi ni deni. Mutoto anayeambiwa hapana leo, mama yake atatafuta njia ingine leo. Yule munamuahidia halafu munamuacha, mama yake alishaacha kutafuta.”

Niliipigia kura kanuni hiyo. Kisha nikapewa kazi ya kupita nyumbani kwa wale tuliowakatalia, kwa sababu nilikuwa mwalimu na wengi walinifahamu. Sitasema ilikuwa nyepesi. Kuna mlango huko Nyamugo ambao nilisimama mbele yake muda mrefu kabla ya kubisha. Lakini mzazi akiambiwa ukweli mwezi wa saba, bado ana mwezi wa nane wa kuhangaika: kuuza mbuzi, kumwandikia mjomba aliye machimboni Kamituga, kumwomba prefe, mkuu wa shule, amruhusu kulipa kidogo kidogo. Baadhi yao walifanikiwa bila sisi. Akiambiwa katikati ya mwaka hana la kufanya.

Mfadhili mmoja hakupendezwa. Fomu yake ilikuwa na kisanduku cha kuandika idadi ya wasichana “waliofikiwa”, na idadi yetu iliposhuka alitaka maelezo, kisha mkataba ulipoisha hakuufanya upya. Walioelewa upesi zaidi walikuwa akina mama wazaliwa wa Bukavu wanaoishi Ubelgiji, ambao hutuma kidogo kidogo kila mwezi. Wao hawakuuliza ni wangapi. Waliuliza yule wa mwaka jana amefaulu hesabu?

Kanuni nyingine zilikuja zenyewe baada ya hiyo. Mwenye ndugu katika orodha anatoka nje ya chumba jina hilo linapojadiliwa, hata kama ni prezida. Siku moja alitoka kweli, binti ya dada yake hakuchaguliwa, akarudi, akaketi, mkutano ukaendelea. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuomba upendeleo.

Jambo lililotutikisa kuliko pesa lilikuwa mimba. Msichana wetu mmoja, mwaka wa tatu wa umanite, mwenye alama nzuri, alionekana ana mimba karibu na Pasaka. Shule ilimwambia abaki nyumbani. Familia ya mvulana ikaja na maneno ya mahari, na baba wa msichana alikuwa tayari kupokea. Katika baraza sauti mbili zilitaka tumwondoe: walisema wengine wataona kwamba hakuna gharama ya kukosea, na wafadhili wakisikia tutaaibika. Ninajua hofu hiyo inatoka wapi. Nililelewa ndani yake. Wakati wetu msichana wa namna hiyo jina lake halikutajwa tena darasani.

Prezida hakujibu hoja ya aibu. Aliuliza tu kama kuna mahali katika barua tuliyotia sahihi na mama wa mtoto panaposema kwamba ahadi inakatika kwa mimba. Hapakuwepo. Akasema basi tunachojadili ni namna ya kutimiza, si kama tutimize. Tulituma watu wawili kwa baba: mimi, na mchungaji yule yule aliyekuwa amepinga kanuni ya akiba. Yeye aliongea na baba kama baba kwa baba, mimi nikaeleza kwamba sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumwoza aliye chini ya miaka 18, na binti alikuwa na 16. Tulikaa pale hadi chai ikapoa mara mbili. Baba hakushawishika na sheria, nadhani. Alishawishika alipojua kwamba minervali ya mwaka unaofuata ilikuwa tayari, imewekwa, kwa jina la binti yake. Mtoto alizaliwa, bibi akamlea, na msichana alirudi shuleni Septemba katika shule nyingine iliyokubali kumpokea. Alipata diploma yake. Baada ya hapo tuliongeza sentensi katika barua ya ahadi, kwamba mimba inasimamisha malipo ila haiyafuti, ili baraza lijalo lisihitaji kubishana upya.

Wakati huo huo kituo cha akina mama kilikuwa kinatufundisha kitu ambacho hatukukitarajia. Wanawake wale hawaji kujifunza herufi kwa ajili ya herufi. Wanataka kusoma buletini, karatasi ya alama, ya mtoto bila kumwomba mtoto mwenyewe awasomee. Wanataka kutia sahihi. Wakubwa wao wanakumbuka kwamba Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kwa jambo la kisheria, na kwamba marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016 yaliondoa sharti hilo. Lakini sheria kubadilika Kinshasa ni jambo moja, na mama wa Bagira kuweka jina lake chini ya karatasi kwa mkono usiotetemeka ni jambo lingine.

Waliojua kuandika wakaanzisha AVEC yao, chama cha kuweka na kukopeshana. Kila wiki wanaketi, kila mmoja ananunua hisa zake, pesa inaingia katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa wanawake watatu ambao si wenye kulitunza sanduku. Mwisho wa mzunguko wanagawana, na wamejipangia mgao huo uangukie Agosti, shule zinapokaribia. Baraza liliwaomba walipe sehemu ya minervali kutoka hapo, sehemu ndogo, na walikubali kwa urahisi kuliko tulivyodhani. “Mutoto ni wangu,” mmoja aliniambia, “si wenu.” Mhasibu wetu naye alikwenda kuwaona wakifungua sanduku, akarudi na pendekezo kwamba hundi za shirika ziwe na sahihi tatu badala ya mbili, na ya tatu itoke kwa mmoja wa akina mama wa kituo.

Kisha ukaja mwaka 2025. Tarehe 20 Januari serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na shirika moja lililotupitishia sehemu ya pesa likatuandikia kwamba halina tena. Mwishoni mwa mwezi ule ule Goma ilichukuliwa na waasi wa M23, na katikati ya Februari ikawa zamu ya Bukavu. Mabenki yalifunga milango. Akiba yetu, ile tuliyoitetea kwa miezi, ilikuwepo kwenye vitabu lakini hatukuweza kuifikia. Pesa za simu zilibaki, ila mawakala walikuwa na noti chache na makato yalipanda.

Sitasimulia wiki zile zote. Kila nyumba ya Bukavu ina ya kwake. Nitasema tu baraza lilifanya nini. Lilikutana kwa simu, wengine wakiwa wamekimbilia kwa ndugu, mmoja akiwa ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda. Hatukuongeza swali la nani anastahili. Tuliweka mpangilio: wasichana wa mwaka wa mwisho kwanza, kwa sababu hao ndio wenye mtihani wa Taifa mbele yao, kisha wa la nane, kisha wengine. Akina mama wa AVEC walikuwa na sanduku lao, nusu tupu kwa sababu waligawana kabla ya wakati ili pesa isikae mahali pamoja na kuvutia wezi. Kutoka kile walichobaki nacho walitukopesha. Nasema walitukopesha, kwa mkataba, kwa riba yao ya kawaida, na tumelipa. Nilijivunia riba ile. Shirika lililoundwa kuwasaidia lilisimama kwao kama mkopaji mwingine yeyote, na mama wa sambaza ndiye aliyekuwa na moja ya funguo tatu.

Wakati hayo yanatokea, mwanzilishi hakuwa prezida tena. Alikuwa amemaliza vipindi vyake viwili, na mkutano mkuu ulimsihi abaki. Alikataa. Siku ya makabidhiano alileta muhuri, vitabu vya hesabu, namba za siri za akaunti na funguo za kabati, akavitaja kimoja kimoja mbele ya wote, na katibu akaviandika. Leo ni mwanachama wa kawaida. Huja, huketi nyuma, na akiulizwa hujibu. Katika mji huu ambapo muhuri wa shirika mara nyingi hulala chini ya mto wa mwanzilishi hadi anapofariki, nadhani hakuna kazi kubwa aliyoifanya kuliko hiyo. Kama sahihi yake ingekuwa bado inahitajika mwezi ule wa Februari, na yeye alikuwa mgonjwa wakati huo, hakuna msichana ambaye angelipiwa.

Aliyejaza nafasi iliyoachwa wazi barazani ni kijana wa kike tuliyemlipia tangu la saba, akaendelea kwa nguvu zake hadi ISP, chuo cha ualimu, na sasa anafundisha. Ananiita Yaya, yaani dada mkubwa, ingawa ningeweza kuwa mama yake, na hanionei haya hata kidogo tunapobishana. Hivi sasa tunabishana. Anasema miaka sita haitoshi: anawajua wenzake wenye diploma ya Taifa waliokaa nyumbani wakisubiri, na anataka ahadi iongezwe mwaka mmoja wa kujifunza kazi, ushonaji, kompyuta au uuguzi, kulingana na mtoto. Ana haki. Mhasibu amekwisha kutuonyesha kwamba mwaka huo mmoja utapunguza wasichana wapya wa la saba karibu nusu. Akina mama wa kituo wamegawanyika pia; mama wa Kabare anauunga mkono mwaka wa saba, mama wa sambaza anataka kwanza akiba irudi mahali ilipokuwa kabla ya vita. Mimi bado sijaamua. Nimeomba kabla ya kura tupite tuwaulize wale waliomaliza, mmoja mmoja, wanafanya nini leo na kilichowakwamisha ni kipi, na kijana huyo na mimi tumegawana mitaa: yeye Ibanda na Panzi, mimi Kadutu na Bagira.